Wadau Wapo, Wasomaji Hakuna

Kuna watu wakisikia una blogu wanadhani una ofisi, katibu muhtasi na gari la kazi. Shemeji yangu mmoja alinibana msibani, mbele ya wazee, akitaka kujua kwa nini siku hizi tunachelewa kurusha habari. Tunachelewa na nani? Mwandishi ni mimi, mpiga picha ni mimi, mhariri ni mimi, na bando likiisha anayekwenda dukani kwa Mangi kununua vocha ni mimi.

Lawama nazipeleka kwa Issa Michuzi. Tangu aanzishe blogu yake mwaka 2005, ile iliyokuja kuitwa Globu ya Jamii, aliwadekeza Watanzania. Wasomaji akawaita wadau, wao wakamwita Ankal, kazi yenyewe ikawa libeneke. Mdau awe Tandika au Texas, anatuma picha ya harusi, ya mahafali, ya arobaini, na Ankal anairusha. Matokeo yake kila mwenye blogu nchi hii anatakiwa awe Ankal. Mwanablogu mwingine, Ndesanjo Macha, na blogu yake ya Jikomboe alikuwa anaandika fikra, na sijasikia kamati ya harusi iliyompigia simu.

Mimi naandika vijimambo vyangu tu: bei ya nyanya, kondakta asiyerudisha chenji, vibaraza vya kahawa vya hapa Tanga. Hayo hakuna anayeyaulizia. Simu ikiita ni, "Kaka, Jumamosi tuna shughuli, tunaomba uturushie." Bure, maana mimi ni ndugu. MC analipwa, mpambaji analipwa, hata kijana wa kupanga viti anaondoka na chochote. Mimi napewa soda, tena ya moto.

Halafu ikaja 2018 na kanuni za maudhui ya mtandaoni. Kuomba leseni ya blogu shilingi 100,000, leseni yenyewe 1,000,000, na ada ya mwaka 1,000,000 nyingine. Ada zilikuja kupunguzwa, lakini wakati huo baadhi ya wenzetu walikuwa wameshazima mitambo wakaenda kufuga kuku. Mke wangu alizijumlisha zile namba kwenye simu, akanitazama, akauliza, "Baba Asha, kwa hela hii mtu ananunua bodaboda. Hiyo blogu yako inapakia abiria?"

Haipakii. Kuna matangazo niliyoyaweka pembeni ya maandishi, ya kampuni moja ya ng'ambo, nayo hailipi mpaka ufikishe dola 100. Ukifika dola 10 wanakutumia namba ya siri ili kuhakikisha unaishi unakosema unaishi. Inakuja kwa barua. Barua ya karatasi, kwa posta, katika karne hii! Sina sanduku, nikaandika S.L.P. ya shule ninayofundisha. Bahasha ikatua mezani kwa mkuu wa shule, naye akaanza kuniita "Bwana Dola" na kuniomba mkopo. Zile dola 100 bado zinapanda mlima.

Maoni ya wasomaji ndiyo yalinifundisha uvumilivu. Niliwahi kuandika habari ya maandazi ya mama mmoja wa Chuda, yale yaliyovimba vizuri, yenye iliki ya kutosha, yanayopasuliwa kwa mkono mvuke ukatoka. Nililala nimeridhika. Asubuhi nikakuta maoni, moyo ukadunda. La kwanza lilikuwa la daktari wa kienyeji anayerudisha wapenzi waliopotea, na anatibu hata kesi za mahakamani. La pili lilikuwa mwaliko wa kujiunga na Freemason nipate nyumba na gari. La tatu, asiye na jina: "Acha njaa."

Wanaoyapenda maandishi yangu hawajui kuwa ni yangu. Mtu anayanakili, anakata jina langu kule chini, anayamwaga kwenye kundi la WhatsApp na kuandika "Imetumwa kama ilivyopokelewa". Baba mdogo alinitumia makala yangu mwenyewe ya kondakta, imeshazunguka mpaka Mwanza na kurudi. Akaongeza sauti ya dakika nzima: "Mwanangu, huyu ni mtu mwenye akili. Jitahidi na wewe siku moja uandike kitu kama hiki."

Nisiwe mnafiki, utamu upo. Mama mmoja aliniandikia kutoka Muscat, kasoma habari ya vile vibaraza vya kahawa. Bibi yake aliishi Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, nyumba yenye mlango wa buluu, na mama huyo ananitajia mpaka jina la muuza kahawa wa enzi hizo. Nilimsomea mke wangu ujumbe ule mara mbili, na mara ya pili hata yeye aliacha kuchambua mchele. Mwisho wa ujumbe kulikuwa na ombi dogo: niende nikaipige picha nyumba. Nikaenda, jua la saa saba. Buluu hakuna, mlango hakuna, kuna fremu ya kurekebisha simu. Nilimtumia hivyo hivyo. Akajibu kwa Kiswahili kile chenye adabu, akanishukuru, kisha akauliza kama na kaburi nalo ningeweza kulitafuta.

Kitu kilichofunguliwa na watu wengi kuliko vyote nilivyowahi kuweka ni harusi moja ya keki ya ghorofa tano. Juzi bwana harusi mwenyewe kanipigia, ananong'ona, anataka picha zifutwe zote, leo hii.

"Kwani vipi tena?"

"Kaka, mambo yalibadilika. Halafu wakwe wapya wanaingia Google."

Nikafuta. Jioni ile ile akanitumia kadi ya mchango, single 50,000, double 100,000, na chini yake maneno: "Na hii tunakutegemea uturushie."