Nitamtania Nani Sasa?

Mimi ni Yanga wa kurithi. Sikuulizwa, nilipozaliwa baba alishaamua. Kwa hiyo nina haki ya kununa ninapoona mtu aliyejiunga juzi, jezi bado ina mikunjo ya dukani, ananisogeza kwenye benchi la kahawa ili anifundishe Uwananchi.

Namsema jirani yangu. Simba ilipobeba ubingwa misimu minne mfululizo, kuanzia 2018 hadi 2021, huyu bwana alivaa nyekundu hadi msibani. Sisi kipindi hicho klabu haina kitu, mishahara inachelewa, kocha Mwinyi Zahera anahimiza michango na bakuli linatembezwa nchi nzima. Nilituma nauli yangu kwa simu, nikaenda kazini kwa miguu. Jirani alicheka hadi akapaliwa na kashata. Mwaka 2022 kombe liliporudi Jangwani, nikamkuta kavaa kijani na njano, kanishika bega: "Mzee mwenzangu, tumeteseka sana." Tumeteseka! Yeye na nani?

Lakini mashabiki maandazi hawaniudhi kwa kujaza benchi tu. Wananiharibia utani. Tarehe 5 Novemba 2023 tulimfunga Mnyama 5-1. Alfajiri nilitangulia kijiweni kabla hata ya muuza kahawa, maneno yamejaa mdomoni. Wakaja mmoja mmoja, wote kijani. Watu walioniita chura miaka nenda rudi sasa ni vyura wenzangu, tena wanakoroma kunishinda! Nikabaki na mabao yangu matano kama mtu aliyenunua samaki hana jiko.

Aliyeniokoa ni fundi viatu. Huyo ni Simba tangu inaitwa Sunderland, na jezi yake imepauka hadi unaweza kudhani ni ya timu nyingine. Nilimtandazia kiganja usoni, vidole vyote vitano. Hakusimamisha hata sindano.

"Mei 2012," akasema. "Tano bila."

Nikamrudisha 1968, tano zetu. Akanishukia na 1977, sita, na yale matatu ya Kibadeni anayasimulia kana kwamba pasi zote alitoa yeye. Tulitukanana vizuri mpaka saa nne, wateja wakaondoka na viatu vyao vilivyoachama. Sijapata asubuhi tamu kama ile, na ndani ya Yanga yote ya mtaani kwetu sina rafiki wa kumlinganisha na yule mzee.

Sasa sikia. Mei 2025 Simba ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Jirani ghafla akapata uzalendo. Eti mpira wa kimataifa hauna Simba wala Yanga, ni taifa. Akaenda kwa fundi kuazima jezi, maana zake zote nyekundu alishazigawa. Mzee wa watu akampa. Wapinzani wao, Berkane, wakatwaa kombe palepale Amaan, Zanzibar, na jezi ikarejeshwa usiku uleule, imekunjwa ndani ya mfuko mweusi, ina doa la mchuzi.

Hawasemeshani mpaka leo. Mtaa umeniteua nisuluhishe, kwa kuwa jirani ni "Mwananchi mwenzangu". Nimekataa. Kwa kesi hii, mimi ni Simba.