Sinema Zilizookoka na Ambazo Bado: Jaribio la Uainishaji

Wanasayansi wameainisha hadi mende, lakini majumba ya sinema ya zamani, ambayo tangu kanda za video ziingie majumbani miaka ya 1980 yamekuwa yakijigeuza kama kinyonga, hakuna aliyeyashughulikia. Pengo hilo linazibwa hapa, bila ruzuku ya chuo chochote.

Jamii ya kwanza ni Mizimu: filamu zimekwisha, jina bado linazurura. Makanga wa Nairobi huita "Globe! Globe!" na vijana wakashuka bila kujua kwamba hilo lilikuwa jina la sinema. Bellevue, kwenye Barabara ya Mombasa, ni hivyo hivyo. Ilikuwa sinema ya kutazamia ndani ya gari. Mwenzake wa Dar es Salaam, Drive-In ya Msasani, kiwanja chake kina Ubalozi wa Marekani. Zamani uliingia kwa tikiti. Siku hizi ni kwa miadi ya viza.

Jamii ya pili ni Zilizookoka. Sinema hugeuka kanisa upesi, na sababu si ya kiroho, ni ya ujenzi. Ukumbi hauna nguzo katikati, na sakafu inateremka kuelekea mbele, kwa hiyo hata mama mfupi aliyeketi nyuma ya kilemba kikubwa anamwona mhubiri. Wakati wa sadaka, geuka utazame ukuta wa nyuma: kule juu utaona vidirisha vya mraba vilivyopitisha mwanga wa projekta. Waumini wa rika fulani huvikodolea macho kupita kiasi. Tusiwaulize waliketi na nani safu ya mwisho siku ya filamu ya Sholay.

Jamii ya tatu ni Maduka, na kwao mteremko huo huo ni balaa. Mwenye duka humwaga zege kusawazisha, na hapo mtafiti hufunga daftari lake.

Jamii ya mwisho ni adimu. Shan ya Ngara, Nairobi, iliyokuwa ikionyesha filamu za Kihindi, leo ni Sarakasi Dome. Mashujaa waliruka kwenye pazia. Sasa wanasarakasi wanaruka kwa mifupa yao wenyewe, na watu bado wanaguna kwa pamoja. Kwa vigezo vyetu, Shan haijabadilika. Imeondoa pazia tu.

Mwenye jumba la namna hii anayetafuta la kulifanyia, tafadhali asiguse sakafu.