Mpishi wa Jumapili

Mume wangu leo anapika mchemsho. Mtaa mzima unajua. Alishatangaza tangu Ijumaa. Kilo moja na nusu ya nyama ya mfupa, ndizi, viazi, karoti, nyanya chungu, kabichi. Kazi yake hasa? Kufunua sufuria. Kila dakika tano mfuniko juu, mvuke nje, kijiko ndani: "Bado kidogo." Nikimwambia auache moto mdogo ulainishe ile mishipa polepole, supu ipate uzito, ananitazama kama ninayemfundisha kuendesha gari.

Ndizi nimemenya mimi. Mafuta niliyojipaka mikononi hayakutosha, utomvu bado umeganda kwenye kucha. Mkaa nimewasha mimi. Kabichi alitaka kuitumbukiza pamoja na nyama, saa mbili na ushee kabla ya wakati wake. Nikaificha nyuma ya ndoo. Yeye, tuwe wakweli, kakamua limau. Nusu.

Sasa wageni wanaramba vidole, na wifi anauliza kapika nani. Mpishi anajifuta jasho. La mpira hilo, maana kipindi cha pili chote alikuwa sebuleni akimfokea refa.