Sifa za Vijiti Vitatu

Asifuye mvua imemnyea, na mimi mvua hii imeninyea tangu Dareda mpaka Dongobesh. Nilipanda basi pale chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, redio yangu mfukoni na waya masikioni. Ni ile redio ndogo ya memori kadi, isiyozidi kipande cha sabuni ya mche. Kwenye kioo chake kulikuwa na vijiti vitatu vya chaji, vimesimama kama askari wa gwaride. Basi likaanza kupanda kona kwa kona, abiria wakashika viti, mimi nikashika wimbo. Kona ya tatu, vijiti vitatu. Kona ya tano, vijiti vitatu. Kabla hatujafika juu, mwimbaji akavuta pumzi ili aingie kwenye kiitikio, na pumzi hiyo hajaitoa hadi leo. Redio ilikuwa imezima.

Wengine wangetukana. Wapo hata wanaosema kipimo cha chaji cha redio hizi ni mwongo wa kuzaliwa. Mimi nimekaa na redio tatu za aina hii, na betri ambazo nimeacha kuzihesabu, na nimefikia uamuzi mwingine: hakuna kitu chenye adabu kuliko hicho katika vyote vinavyouzwa kwenye minada ya Mbulu na Hanang. Leo nakisifu hadharani.

Fikiria tunavyosalimiana. Ukikutana na mtu njiani Haydom ukamuuliza habari za nyumbani, atakujibu nzuri. Za watoto? Nzuri. Za mifugo? Nzuri tu. Mkishamaliza yote, naye ameshageuka kama anayekwenda zake, ndipo anapoongeza: "Ila ng'ombe wawili wamekufa, na mzee tumemlaza tangu Jumatatu." Hakudanganya. Salamu zina utaratibu wake, na habari mbaya ina mahali pake, kule mwishoni, nyuma ya "ila". Anayekupokea na msiba kabla hujamaliza kumjulia hali, huyo hakulelewa. Sasa vitazame vijiti vitatu. Saa mbili asubuhi unaviuliza hali: nzuri. Saa nne: nzuri. Saa sita: nzuri tu. Kisha "ila". Kosa liko wapi?

Kabla ya adabu hii tuliishi na ukweli mtupu, na ulikuwa unaudhi. Bibi yangu alikuwa na redio kaseti iliyokula betri kubwa, zile za National zilizokuwa zikitengenezwa Dar es Salaam na kampuni ya Matsushita ya Japani. Betri zilipoanza kuchoka, mota nayo ilichoka, na utepe ukapita kwa kujikokota. Mwimbaji wa kike akaimba kama mwanamume, mwanamume akaimba kama fahali, halafu kama fahali aliyenasa kwenye tope. Hapakuhitajika kijiti wala taa. Nyumba nzima ilisikiliza betri ikikata roho taratibu, na sisi watoto tulicheka mpaka tukafukuzwa nje. Hata Walkman ya Sony, iliyoanza kuuzwa mwaka 1979 na betri zake mbili ndogo, haikuwa na simile zaidi ya hiyo: mgonjwa alikoroma masikioni mwako.

Bibi hakukubali kushindwa upesi. Alizitoa betri akazianika juu ya bati, kando ya mahindi, na jioni ziliimba tena nyimbo mbili tatu. Tulidhani ana dawa. Kumbe betri kavu ya zinki na kaboni, jamaa ya ile aliyoibuni Mfaransa Georges Leclanché mwaka 1866, ikitumika mfululizo hukusanya hidrojeni kuzunguka fimbo yake ya kaboni, na umeme ukapita kwa shida. Ukiipumzisha, oksidi ya manganizi iliyomo ndani huimaliza ile hidrojeni, na joto la jua huharakisha kazi. Wengine hawakungoja jua. Nimewaona watu wazima na akili zao wakitafuna betri kwa magego.

Kisha ikaja lithiamu. Sony ndiyo iliyoanza kuziuza betri hizo mwaka 1991, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino wakapewa Tuzo ya Nobeli ya kemia kwa kazi yao ya kuzibuni. Vijiti vitatu havikutajwa kwenye tuzo, nami nauona huo kuwa upungufu wa kamati.

Betri hiyo ikijaa huwa na volti 4.2. Ikianza kutumika hushuka kidogo, kisha hufika karibu na 3.7 na kutulia hapo muda mrefu, kama basi lililoingia tambarare ya Basotu. Mwishoni huporomoka kama basi hilohilo likirudi Dareda bila breki. Redio ya bei nafuu haina namna ya kujua umeme uliobaki. Inapima volti peke yake, na volti katika ile tambarare hazisogei, kwa hiyo vijiti navyo havisogei. Ni sawa na kukadiria maziwa kwa kutazama rangi ya kibuyu. Mteremko ukianza, kipimo kina dakika chache tu za kukuarifu, nawe dakika hizo umeshika jembe au umeshika usukani wa bodaboda.

Simu za bei zina ujanja zaidi. Ndani yake mna chipu inayohesabu umeme unaoingia na unaotoka, kama karani wa mizani mlangoni mwa ghala la ngano. Lakini ghala lenyewe hupungua ukubwa kila mwaka kwa sababu betri inazeeka, na karani asipopata nafasi ya kulihakiki likiwa tupu na likiwa limejaa, anaendelea kuandika hesabu za ujana. Ndiyo maana simu inakuonyesha asilimia 20 na papo hapo inazima. Kati ya karani anayekosea kwa tarakimu na mzee anayesema "nzuri tu", mimi nakaa na mzee.

Tena mzee huyu anasikia baridi. Nilijifunza hilo Dongobesh, mwezi wa sita, kwenye shamba la vitunguu saumu la mjomba wangu. Huko juu Juni na Julai ukungu unakaa mpaka watu wanywe chai ya pili, na palizi inaanza na vidole vilivyokufa ganzi. Nilifika na redio iliyolala dirishani usiku kucha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja na redio au umekuja na mikono tu?"

Nikampa. Kijiti kimoja, nacho kinapepesa. Mjomba hakusema neno. Aliitumbukiza kwapani, chini ya sweta na koti, akaendelea kupalilia kwa mkono mmoja. Tulipomaliza tuta la pili akaitoa, akaipangusa kwenye suruali. Vijiti vitatu. Akanitazama kama mganga anayemtazama mgonjwa aliyepona.

"Ilikuwa na baridi tu," alisema. "Hata wewe ungesema huna nguvu."

Na alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Betri ikipoa, chembe za umeme ndani yake husafiri kwa uzito, volti zinashuka kila redio inapoomba kitu, na kipimo kinachojua volti tu kinaripoti njaa ilhali ghala lina akiba. Ukiipasha joto, akiba inafikika tena. Nani mwingine hapa duniani anapandishwa cheo mara mbili kwa kukumbatiwa tu?

Ndivyo inavyokuwa na sauti pia. Ukifungulia besi mpaka spika itetemeke, redio inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, volti zinainama, kijiti kimoja kinaanguka. Punguza sauti, kijiti kinainuka. Vijana wanakiona kuwa ni ugeugeu. Mimi nakiona ni kama jirani muungwana: hakwambii "punguza kelele", anainama kidogo tu, na mwenye akili anaelewa.

Usije ukachanganya kwapa la mjomba na bati la bibi. Joto la mwili linatosha. Lithiamu ukiianika juani ikiwa imejaa chaji unaizeesha haraka, na mara nyingine inavimba. Hapo ndipo unapokutana na fundi.

Fundi wangu hukaa mnadani Katesh, Mlima Hanang nyuma yake ukiwa na mita zaidi ya 3,400 na wingu lake la kudumu, mbele yake meza ya kioo yenye betri zilizopangwa kama karata. Nilimpelekea kesi yangu.

"Fundi, chaji ya hii redio inasema uongo."

"Haisemi uongo, mzee. Inakadiria."

Akafungua kifuniko kwa kucha, akatoa betri bapa iliyoandikwa BL-5C. Huyu ni mtu wa ukoo. Alikuja nchini tumboni mwa Nokia 1100, ile simu ya tochi iliyotoka mwaka 2003. Simu zikafa, yeye akahamia kwenye redio za Kichina na hajastaafu. Fundi aliilaza juu ya kioo, akaizungusha kwa kidole kimoja. Ikazunguka kama pia, mara nne, mara tano. Betri nzima haizunguki, tumbo lake ni bapa. Ikizunguka ujue ina mimba, na mimba hiyo ni gesi.

Hata zile halisi hazikukosa vituko. Agosti 2007 Nokia ilitangaza kwamba BL-5C zipatazo milioni 46 zilikuwa na hatari ya kupata joto kupita kiasi wakati wa kuchaji, ikajitolea kuzibadilisha bure. Aliyezitengeneza alikuwa Matsushita, yuleyule wa betri za bibi. Nilipoisoma habari hiyo niliona kama nimepata salamu kutoka kwa jamaa wa zamani: tulianza naye kwenye bati, tukakutana tena kwenye kioo.

Hizo zilizotapakaa mnadani sasa hazina baba. Lebo ndizo zinazojigamba. Nimeshika betri ya mviringo, yenye upana wa milimita 18 na urefu wa 65, imeandikwa mAh 9,900, na fundi akacheka kabla sijauliza, kwa sababu zilizo bora za umbo hilo hazivuki sana 3,500. Mbele ya lebo ya namna hiyo, vijiti vitatu ni watawa.

Tena vinalisha watu. Mwenye kibanda cha kuchajia, mwenye sola moja juu ya paa na nyaya zilizotawanyika kama mizizi, anakurudishia redio yako baada ya saa moja. Imeonja tu, lakini volti zimepanda kwa sababu imetoka kwenye chaja sasa hivi. Unatazama: vijiti vitatu. Unalipa ukiwa na furaha, unashukuru, unaondoka. Kesho unarudi, unalipa, unashukuru. Kipimo cha kweli kingewagombanisha watu wawili ambao hadi sasa wanaulizana habari za watoto kila siku.

Mtu pekee niliyemwona hana haja na kipimo hicho ni kijana wa Kibarabaig niliyemkuta upande wa Basotu, kwenye nchi ile iliyokuwa mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, akiwa na ng'ombe wengi na redio moja iliyofungwa kwa raba kwenye fimbo. Kioo cha redio kilikuwa kimepasuka, vijiti havionekani. Nikamuuliza kwa huruma anajuaje chaji imebaki kiasi gani.

"Inaimba kutoka zizini mpaka ng'ombe wanywe maji," alisema. "Wakishakunywa wakalala kidogo, nazima. Nawasha tena tukirudi. Inakufa tukiona moshi wa nyumbani."

"Na ikifa mapema?"

"Ikianza kufa pale kwenye migunga, nabadilisha betri."

Nimelifikiria jibu hilo sana. Bwana mdogo huyu anapima umri wa betri kwa hatua za ng'ombe, na kila wiki anajua imezeeka kiasi gani kwa kutazama ilipofia. Steve Jobs wa Apple alipoileta iPod mwaka 2001 aliahidi saa 10 za muziki, na miaka michache baadaye wanunuzi wa Marekani wakaishtaki kampuni yake kwa betri zisizofika huko. Mwaka 2005 wakapatana. Hakuna aliyewaambia wapime kwa migunga. Lakini kijana yule, kwa heshima zote, hana adabu ya vijiti vitatu. Anaijua siku ya kifo na saa yake, na anaitaja bila hata "ila".

Jioni ya siku ile ya palizi tulikaa jikoni kwa mjomba, moto umekolea, redio juu ya gunia la mahindi. Ilikuwa inakaribia saa mbili, wakati wa taarifa ya habari, na jirani alikuwa amesema atakuja kuisikiliza. Niliinama kutazama: vijiti vitatu, vimenyooka, havina wasiwasi. Ikapigwa ngoma ya kufungulia taarifa. Msomaji akatamka jina lake la kwanza. La pili hatukulipata.

Mjomba hakushtuka. Alimimina chai. Mlango ukagongwa, jirani akaingia akifuta umande kwenye viatu.

"Habari za jioni?"

"Nzuri," akajibu mjomba.

"Za kazi?"

"Nzuri."

"Na habari za redioni?"

"Nzuri tu," akasema mjomba, akamsogezea kigoda na kikombe, akangoja mpaka akae vizuri. "Ila imekufa."