Mpeasi na Uzuri wa Mkakasi

Nchini Marekani kuna mti wa bustani uliouzwa kwa sifa tatu: unachanua vizuri, hauzai, na hautaki kubembelezwa. Ni mpeasi wa mapambo, aina ya Bradford, wenye asili ya China, ambao Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo iliutoa kwa wananchi mwaka 1963. Hoja yangu ni kwamba kila sifa ilikuwa kasoro iliyopakwa wanja. Maua ni meupe pe, mti mzima kama bi harusi; ila bi harusi huyu ananuka shombo, kama samaki aliyelala. Mwenye mti hufungua dirisha autazame, kisha hulifunga apate kupumua.

Mtetezi atasema shombo ni la wiki mbili tatu tu. Haya, lakini matawi ni ya mwaka mzima. Hutoka karibu mahali pamoja kwenye shina, yamebanana kama abiria wa daladala saa za jioni, na gamba limenaswa katikati yao, kwa hiyo hayashikani. Ikifika miaka 15 au 20, upepo mmoja huupasua mti kama kuni, na nusu yake hulala juu ya gari lililofuata kivuli. Kuhusu utasa, wauzaji hawakusema uongo: mipeasi yote ya Bradford imepandikizwa kutoka mti mmoja, na mti huo haujitungishi mimba. Walipoona inapasuka, wakaleta aina nyingine zenye matawi imara zaidi. Majirani wakapanda tofauti, nyuki wakafanya ushenga, tasa akazaa. Ndege wakala vitunda, wakasia mbegu maporini bila kibali, na watoto wakatoka na miiba.

Wapo watakaosema angalau unavumilia ukame, udongo mbovu na moshi wa magari. Hapo ndipo penye balaa: mgeni asiyechagua chakula wala pa kulala haondoki. Ohio imepiga marufuku uuzaji wake tangu 2023, na South Carolina ikafuata 2024. Hata hivyo, mti haukumdanganya mtu. Wanunuzi ndio waliosifu mkakasi bila kuufunua. Anayetaka mti wa bustani akautazame kwanza ule uliotimiza miaka 20, wakati wa maua, asimame upande upepo unakoelekea. Gari aliache mbali.