Bahari Isiyopwa

NICE, UFARANSA. Bibi, mgeni kutoka Tanga, alikuwa amehesabu mwezi tangu juzi: Jumapili itakuwa kumi na tano, bamvua hilo. Mwanawe aliposema wanakwenda baharini, alifunga kikapu chake cha ukili na kuulizia kijiti cha kuchokolea pweza. Mkamwana hakubishana, alimpa mpini wa fagio.

Ufukwe wenyewe hauna mchanga. Ni kokoto tupu, za kijivu, laini kama mayai, zimejaa chini ya barabara ya Promenade des Anglais. Watalii walikuwa wakinyata mikono hewani kama kuku waliokanyaga jivu la moto, Bibi akiwapita na yeboyebo zake za Ngamiani. Vitanda vya kukodi ni zaidi ya euro 20 kwa siku. "Nilipe, halafu nilale?" Akatandika khanga juu ya mawe. Kuhusu mavazi ya majirani hakusema neno. Aligeuka tu, akakaa akitazama magari.

Saa sita kamili ukalia mzinga. Shakwe wakaruka, na Bibi akasema bismillahi, mkono tayari kwenye tende. Ramadhani ilikwisha zamani! Hiyo ni desturi ya Nice tangu miaka ya 1860. Wenyeji husimulia kuwa aliianzisha Mskoti mmoja ambaye mkewe alikuwa akinogewa na soga hata chakula cha mchana kikachelewa.

"Angejipikia," Bibi akasema, na tende akaila.

Mwanawe akaleta socca, chapati ya unga wa dengu inayosifiwa mji mzima. Bibi akaitafuna polepole. "Bajia hii. Imekanyagwa."

Lakini akili yake ilikuwa kwenye maji. Tangu asubuhi alikuwa ameweka jiwe jeupe ukingoni, liwe kipimo. Saa nane, jiwe pale pale. Saa kumi, pale pale. Mjukuu, aliyesoma jambo hili shuleni, akamweleza: Mediterania imefungwa, inaungana na Atlantiki pale Gibraltar tu, mlango wa kilomita 14 hivi, ndiyo maana kupwa na kujaa kwa hapa Nice hakufiki nusu mita. Tanga bamvua hushusha maji zaidi ya mita 3, mashua zikalala ubavu.

Bibi akaitazama bahari kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi. "Maji mafu mwaka mzima! Sasa wanawake wa huku wanaokota chaza saa ngapi?"

Walipofungasha, jiwe jeupe likaingia kikapuni, la kupondea vitunguu saumu. Mjukuu akanong'ona kwamba kuchukua mawe ya ufukweni ni marufuku, kuna faini. Bibi akasonya, akashuka tena hadi ukingoni, akalirudisha pale pale: nusu majini, nusu nje.