Msumeno Ulioumwa na Gogo

"Shikamoo, Fundi Kwama!" Ndivyo wanavyonisalimu watoto wa mtaani kwetu Kihesa, Iringa, tangu Jumamosi, tena kwa adabu kamili, hivyo nalazimika kuitikia marahaba.

Gogo lilikuwa la mlingoti mbichi. Nililaza ncha zake juu ya mawe mawili nikaanza kukata katikati, nipate vigoda viwili vya kukalia wakwe. Msumeno ulikwenda kwa raha hadi nusu, kisha ukaganda. Nikavuta, nikasukuma, nikavua shati. Watazamaji wakaongezeka. Bibi mmoja aliyetoka sokoni akatua tenga lake la nyanya.

"Kamwene, mwanangu. Limekuuma hilo. Lipe kabari."

Bibi hakukosea hata chembe. Gogo lililoegemea ncha mbili hubonyea katikati: nyuzi za juu zinabanana, za chini zinavutika. Ukikata kutoka juu, njia ya msumeno inajifunga yenyewe. Wanaojua huchomeka kabari, au humalizia kwa chini.

Kabari ikaletwa na mtoto wa darasa la pili. Nikamaliza kukata. Ndipo gogo likalia paa! na ufa ukakipasua kigoda kimoja toka moyoni hadi gandani.

Hapa, jamani, aibu pembeni, mlingoti ni kiumbe cha ajabu. Unapokua, kila tabaka jipya la nje likikomaa hutaka kufupika, nalo la ndani linakataa. Kwa hiyo mti mzima umesimama nje ukivutika, moyoni ukigandamizwa, miaka nenda rudi, nasi tunaegesha baiskeli hapo bila habari. Ukiukata, ugomvi wote unafumukia nchani. Ndiyo maana nguzo za umeme za mlingoti hupigiliwa vibati vya chuma kichwani. Nguzo zina vibati. Mimi nilikuwa na wakwe walioshavuka Ipogolo, njiani kuja kwangu.

Wakwe walikalia ndoo.



Halafu kuna mlango wangu wa msindano, na huo haunichekeshi. Niliuziwa mbao "kavu" ambazo randa ilizipita zikitoa manyoya badala ya maganda. Mbao huanza kusinyaa pale tu unyevu wake unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi, tena kwa kuzunguka pete husinyaa karibu mara mbili ya kuelekea moyoni. Basi hupinda. Mti uliokatwa mchanga ni balaa zaidi, maana hata kwa urefu unasinyaa. Wilaya ya Mufindi yote ile imejaa misindano, halafu sisi wa jirani tunauziwa vijiti vya juzi vilivyopasuliwa kwa mashine ya dingdong, vingali vinatoa jasho, kwa bei ya mti mzima, bila risiti, na ukilalamika unaonekana mkorofi.

Upepo wa Julai ulipoanza, mlango ulijikunja hadi paka akawa anapita bila kuusukuma. Nikamwita fundi aliyeutengeneza. Akautazama, akasema mbao za siku hizi ndivyo zilivyo, akaomba nauli.